Kijiko Kifudifudi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Ipokee kwa mikono miwili, maana nimeichelewesha miezi miwili, na shikamoo iliyocheleweshwa hivyo ina uzito wake. Natumaini macho yamepata nafuu kwa yale matone, goti halikusumbui asubuhi, na usingizi unakuja bila kubembelezwa. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni nitayafikia, usiniharakishe. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba supu ya mifupa haitaki moto wa pupa.

Dada, najua ni wewe unayesoma, kwa sababu Baba haoni tena herufi ndogo, na mwandiko wangu tangu shule ni mchakuro wa kuku. Nawe pokea salamu zako. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, mketishe Baba jikoni, kwenye kile kiti chake cha karibu na dirisha, hata kama atasema hapataki tena. La pili, soma yote. Usiruke mstari kwa kunihurumia mimi wala kumhurumia yeye.

Baba, nianze na ya huku. Ulipokuja ulikaa siku tano tu, na nne kati ya hizo ulikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho, kwa hiyo mtaa wangu hukuuona vizuri. Ule mtaa ulioupitia siku ya kwanza ukasema unanuka grisi, sasa ndio mtaa wa kula. Gereji zinafungwa moja baada ya nyingine, na zikifunguliwa tena zina vitambaa mezani. Ghala la matairi limekuwa mgahawa. Kuta wameziacha na masizi yake, wakaning'iniza balbu tupu juu ya meza moja ndefu, na Jumamosi watu wanapanga foleni hadi kwenye kona. Wewe ungewauliza watamaliza lini kujenga. Viti vimetoka kwenye shule iliyovunjwa, na vina majina ya wanafunzi yaliyochongwa kwa wembe. Nyama wanaileta juu ya kipande cha ubao, mchuzi unateremka hadi mapajani mwa mteja, na mteja anatabasamu tu.

Kuna mwingine uko juu ya kiwanda cha uchapaji, meza saba tu. Mashine zikianza kazi huko chini, glasi zinatetemeka na kugongana zenyewe, na wenyewe wanasema ndio uzuri wake. Kuna wa tatu ambao hauna menyu. Unakaa, mpishi anakutazama usoni, kisha anaamua unastahili nini. Yule mpigapicha ninayefanya naye kazi aliletewa kabichi mara tatu mfululizo, akaanza kujiuliza uso wake una kasoro gani. Kuna ambao sahani zake ni pana kama sinia, na chakula kimejikunyata katikati kama mtu aliyefika kwenye sherehe isiyo yake. Na popote unapokwenda, hakuna anayekula chakula cha moto. Kwanza simu zote zinatolewa, chakula kinapigwa picha mbele na nyuma kama mshukiwa, na kikishapoa ndipo watu wanachukua uma.

Najua unacheka. Angalau naomba uwe unacheka, kwa sababu tangu zamani niliandika haya yote ili wewe ucheke. Mhariri alinitaka niorodheshe migahawa saba ya mtaa huu ambayo msomaji akienda hatajuta. Ndiyo kazi yangu, kama unavyowaeleza majirani: kula, kuonja, na kuwaambia watu ukweli gazetini kila Jumamosi. Dada aliniambia makala zangu zote umezikata na kuzibandika kwa uji wa unga kwenye daftari, na jioni unamtaka akusomee zile za miaka miwili hii, kwa sababu unaona ndizo zilizokomaa. Hilo daftari, Baba, ndilo limenifanya nichelewe kuandika barua hii.

Nirudi nyuma kidogo. Unayajua kuliko mimi, lakini nataka Dada naye ayasikie yakisemwa, maana yeye hakupenda jiko na hakuna aliyemlaumu. Miaka thelathini na mmoja ulipikia wagonjwa katika lile jiko la hospitali. Sufuria zilitosha kumwogeshea ndama, na kwa kelele za moto na vyombo watu hawakuweza kusikilizana. Ndipo ukaleta utaratibu wa kijiko. Mwonjaji anawekewa bakuli na kijiko. Anaonja, kisha anakirudisha kijiko mezani. Akikilaza kifudifudi, kuna kilichopungua au kilichozidi, rudi ukatengeneze. Akikilaza chali, hakuna kasoro, chakula kiende wodini. Hakuna maneno wala kununa. Ulisema mgonjwa hana nguvu za kubishana na mpishi, basi lazima awepo mtu wa kumbishia.

Nyumbani ukauleta utaratibu huohuo, na mimi nikiwa na miaka tisa nikawa mwonjaji wako. Ulinifunga macho kwa taulo la jikoni ukanilisha vitu kwa ncha ya kijiko hadi nikaweza kukwambia kitunguu kiliungua kidogo kabla ya nyanya kuingia. Ukaniita Ulimi, na jina likashika hata walimu wakalitumia. Siku moja ulikuwa umechoka sana, umesimama tangu alfajiri, na supu ilikuwa chapwa. Nikakuonea huruma, nikakilaza kijiko chali. Wewe ukaonja, ukakigeuza mwenyewe, ukaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kijiko hakilazwi chali kwa kumpenda mpishi."

Nilipokuja mjini ulinipa kijiko chenyewe, kile chenye shingo iliyopinda. Nimekula nacho kila mgahawa niliouandika. Wahudumu wananiona nakitoa mkobani, wanadhani ni mambo ya usafi.

Sasa nifike Jumapili ile, siku ya tano ya safari yako. Asubuhi ulitoka peke yako ukarudi na mifupa, karoti na kitunguu, ukanifukuza kwenye jiko langu mwenyewe. Lina upana wa kabati, lakini ulizunguka humo kana kwamba una wasaidizi sita. Nilikaa kwenye kiti nikakusikiliza ukikwaruza sufuria. Saa saba mchana ukaniwekea bakuli, ukakaa mbele yangu, na ndipo ukasema lililokuleta. Macho yalikuwa sababu ya pili. Ulisema daktari mkuu wa hospitali anastaafu, na wote uliofanya nao kazi wanataka wewe upike karamu ya kumuaga, watu mia na ishirini. Ulikuwa hujajibu.

Ulisema: "Ulimi wangu umeanza kunikimbia, mwanangu. Naweka chumvi, siisikii. Wengine wataniambia ni tamu kwa sababu mimi ni mzee. Wewe hujawahi kunidanganya ila mara moja, tena ulikuwa mtoto. Onja. Ukiniambia niache, nitaacha, na sitaona haya."

Nikaonja. Nikaonja tena. Ulikuwa unanitazama mdomoni kama mtu anayesubiri majibu ya kipimo. Nikakilaza kijiko chali.

Baba, uso wako ulivyofunguka siku ile, nimeubeba tangu hapo. Ulicheka, ukajipigapiga paja, ukasema basi ni uoga tu wa uzee. Uliimba ukiosha vyombo. Kwenye kituo cha basi ulinieleza mpango mzima wa karamu, kuanzia supu hadi matunda, na ulipopanda ulisahau kuniaga.

Yaliyofuata nimeyajua kwa barua ya Dada, wiki tatu zilizopita, kwa sababu wewe hukuniambia neno. Kila nikipiga simu naambiwa unaoga, na hakuna mzee anayeoga kiasi hicho. Dada ameniandikia kwamba watu walionja supu kijiko kimoja, wakaomba maji, kisha wakaomba maji mengine. Nyama ikaja, nayo ikawa hivyohivyo. Nesi mmoja wa zamani, bila nia mbaya, akatania kwamba mzee amechota maji ya bahari. Wote wakacheka, na wewe ukacheka nao. Ukaosha sufuria zote peke yako, ukakataa kusaidiwa, ukamwachia visu vyako mpishi aliyekurithi, ukarudi nyumbani. Tangu siku hiyo hujawasha jiko. Unakula anacholeta Dada na husemi kimezidi wala kimepungua. Dada anasema hicho ndicho kinachomtisha, maana katika maisha yake yote hajawahi kukupikia chai isiyo na kasoro.

Na ameniandikia kwamba umelizungumzia jambo hili mara moja tu. Ulimwambia: "Mdogo wako alinihurumia. Sikumlea anihurumie."

Maneno hayo niliyasoma nikiwa nimesimama mlangoni na viatu mkononi. Sikuenda kazini siku ile. Ya pili nikaenda, kwa sababu orodha ya migahawa saba ilikuwa imebaki na mmoja, na mhariri alikuwa ananipigia simu kila saa.

Huo wa saba ni wa mama mmoja ambaye zamani alikuwa fundi cherehani. Mahali ni palepale alipokuwa akishona. Cherehani ameziuza, lakini meza zake amezibakiza, zile za miguu ya chuma zenye kanyagio chini, na wateja wanakula huku wanakanyaga bila kujua. Mpigapicha akapiga picha zake. Kisha ikaletwa supu ya mifupa na karoti. Yule mama hakurudi ndani. Alisimama kwenye mlango wa jiko, anafuta mikono iliyokwisha kukauka, ananitazama mdomoni. Nikaonja, nikainua kijiko chako nikirudishe mezani, na mkono ukagoma. Nilikishika hewani hadi mpigapicha akaniuliza kama naumwa.

Yule mama akaja akaketi. Akaniuliza, bila ukali, kama supu yake ni mbaya kiasi cha kukosa maneno. Nikamwambia: "Mama, mimi sionji."

Baba, hilo ndilo ninalokuandikia. Sionji. Miaka miwili iliyopita, wakati wa yale mafua niliyokwambia ni madogo, nililala wiki mbili, na nilipoamka harufu zote zilikuwa zimeondoka, na ladha zikazifuata. Kahawa ni maji ya moto. Mkate ni pamba. Pilipili naijua kwa kuwasha tu, na chumvi siijui kabisa. Daktari alisema mishipa inaweza kurudi na inaweza isirudi, na hadi leo haijarudi.

Dada, rudi mwanzo wa barua hii uangalie. Nimekutajia balbu, viti, glasi na masizi. Sijakutajia ladha ya hata mgahawa mmoja.

Aliyeonja ni mpigapicha. Yeye ndiye wa kwanza kugundua, aliponikuta ofisini nakunywa chai ya maziwa yaliyochacha, nimetulia kama niko peponi. Nilimsihi asiseme. Akawa anakula sahani yangu baada ya picha, ananiambia kwa lugha yake ya kawaida: hii ina ndimu nyingi, hii imeungua, hii inanikumbusha kwa bibi. Mimi nachukua maneno yake matatu, naingia kwenye jiko lako la zamani kichwani mwangu, natafuta ni lini nilionja kitu cha namna hiyo, na naandika kutoka huko. Kila ladha niliyoisifu miaka miwili hii ilitoka kwenye sufuria zako. Labda ndiyo sababu uliona zimekomaa. Lakini ni uongo, Baba, na umeubandika kwenye daftari kwa mikono yako.

Basi Jumapili ile sikukuhurumia. Ningekuwa na ulimi, ningekilaza kijiko kifudifudi, na ningelia, na wewe ungenifuta machozi kwa taulo la jikoni, na pale hospitali wangeendelea kusimulia supu yako ya zamani. Sikuwa na ulimi, na sikuwa na ujasiri wa kukwambia, kwa sababu ulikuwa umesafiri kutwa nzima kuja kwa mtu wa pekee uliyemwamini, na mtu huyo hakuwepo. Nilifikiri niseme nina mafua. Nilifikiri nimpigie simu mpigapicha aje mbio. Kisha nikafikiri, Baba hajawahi kuharibu supu, kwa nini aharibu leo? Tulikuwa kama watu wawili wanaoulizana saa na hakuna mwenye saa. Nikabahatisha. Mimi niliyelelewa kwa kijiko nilikibahatisha kijiko, na aibu ukaibeba wewe mbele ya watu mia na ishirini.

Linaloniuma kuliko yote ni hili. Ile ndiyo supu ya mwisho uliyonipikia. Nilikunywa mabakuli mawili. Na hadi leo sijui ilikuwaje.

Yule mama wa cherehani hakunigombeza. Alilivuta lile bakuli, akaimaliza supu yeye mwenyewe polepole, kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuonja. Nilipomwambia, alisema nisimwendee mhariri kabla sijamwambia huyo. Akaniambia: "Bosi atakupa kazi nyingine. Baba utampata wapi mwingine?"

Nilirudi chumbani nikaanza barua hii. Nimeichana mara nne. Katikati ya kuchana nilishindwa kungoja, nikamwendea mhariri pia, unisamehe kwa kutofuata maagizo ya yule mama. Mhariri alifunga mlango, akauliza ni nani mwingine anajua. Nilipoona anatafuta namna ya kulifunika, nikamwambia jina langu liondoke kwenye ukurasa wa Jumamosi. Orodha ya migahawa saba imetoka na jina la mpigapicha, na ni ya kweli, kwa sababu ni ulimi wake. Mimi nimehamishiwa meza ya matangazo ya vifo. Nasahihisha tarehe na majina ya ukoo. Huko hakuna cha kuonja.

Sasa nakuomba, Baba. Ukasirike na mimi kadiri unavyotaka, lakini unikasirikie kwa kosa langu lenyewe. Nilikuwa mwongo. Sikuwa binti anayemwona baba yake mzee, akamwekea kijiko chali kama anavyompa kiti. Hilo la kukuhurumia liondoe kifuani. Lile daftari, kama utataka kulichoma, lichome. Lakini jiko liwashe. Dada ana ulimi mzima, na ingawa hapendi kupika, ulalamishi anao wa kutosha, tumemsikia wote. Mkalishe yeye mbele ya bakuli. Chumvi uweke ukisimamiwa, kama vile unavyosomewa barua. Watu mia na ishirini wasahau. Wapikie wawili.

Nitakuja mwisho wa mwezi ujao, wakinipa ruhusa. Siji kuonja. Nitamenya vitunguu, maana hivyo bado vinanitoa machozi, ingawa mengi niliyonayo yanatoka kwingine. Ukiwa hutaki kuniona, mwambie Dada aniandikie mstari mmoja tu. Nitauelewa na sitauliza sababu.

Nisalimie majirani wote waliokuwa wakija kusomewa makala zangu, na wakiuliza waambie ukweli. Mwambie mpishi aliyekurithi atunze visu, huenda mwenyewe akavifuata. Dada, asante kwa kusoma hadi hapa, kunywa maji. Baba, jifunike vizuri asubuhi, na matone ya macho usiyaruke.

Ndani ya kifurushi hiki mna kijiko chako. Nimekizungushia karatasi, nikakilaza kifudifudi, kama nilivyopaswa kukilaza Jumapili ile. Ukifungua ukakikuta chali, ujue kimegeuzwa njiani na watu wa posta. Si mimi.

Ni mimi mwanao,
uliyemwita Ulimi.